Nembo Katika Vitabu vya Kale

Wazee wetu wa huku Nanganga, Masasi na Newala, Wamakonde, Wamakua na Wayao, walichanja nembo usoni, hata mgeni akatambulika kabila lake kabla hajaulizwa. Ulaya nako mabwana walikuwa na nembo zao juu ya ngao, na sanaa ya kupiga chapa ilipozuka, nembo hizo zikaingia vitabuni. Fust na Schöffer wa Mainz walitia ngao mbili mwishoni mwa Biblia yao ya mwaka 1462. Aldus wa Venice, tangu mwaka 1502, alitia pomboo aliyejizungusha katika nanga: pomboo ni mbio, nanga ni kutulia. Nasi twaipenda hiyo kupita zote, kwa kuwa ni nembo ya kazi, si ya cheo. Waigaji hawakukosekana; mwaka 1518 warithi wake waliandika kwamba pomboo wa mwigaji wa Florence amegeuzwa kichwa upande usio wake.

Lakini tutazame Biblia Kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1539, ambayo Zaburi zake zilidumu katika Kitabu cha Sala cha Waingereza hata kilipotengenezwa upya mwaka 1662. Ukurasa wake wa kwanza umechorwa kwa ustadi mwingi, nasi hatuusifu wote. Mfalme Henry wa Nane ameketi mahali pa heshima, akiwagawia Neno maaskofu huku na wakuu wa serikali huku. Mwenyezi Mungu amebanwa juu kabisa, mdogo, kama mgeni aliyekosa nafasi mkekani. Na raia walio chini? Wanasikiliza mhubiri na kumwombea mfalme maisha marefu. Kitabu chenyewe hawapewi mkononi. Picha hii, basi, yasema Neno ni mali ya mfalme, na hapo ndipo tunapoikataa.

Pembeni zimo nembo mbili, ya Askofu Mkuu Cranmer na ya Thomas Cromwell, waziri aliyejitahidi sana Biblia hiyo ichapwe. Mwezi wa Julai 1540 Cromwell alikatwa kichwa kwa amri ya mfalme yule yule. Chapa zilizofuata zikatolewa kwa ubao ule ule, ila nembo yake imechongwa ikaondolewa. Sanamu yake bado imesimama ikigawa vitabu, na chini ya miguu yake pana duara tupu, jeupe.