Nani Amwambie Meneja?

Vitabu vya uongozi na biashara vimekuwa vingi kuliko muda wa kuvisoma. Mwenye mitumbwi ya dagaa Musoma, mwenye duka la pembejeo Bunda, mkuu wa shule ya kanisa, meneja wa chama cha akiba na mikopo cha waumini, wote wanahimizwa kusoma ili wafanikiwe. Siku hizi hata mimbarini jina la mwandishi wa Kimarekani hutajwa mara tu baada ya jina la Mtume Paulo. Si jambo baya. Biblia yenyewe haioni aibu kufundisha utawala. Yethro alipomtembelea Musa jangwani alimkuta ameketi kutwa nzima akiamua mashauri ya watu peke yake. Alimweleza waziwazi kwamba utaratibu ule haufai, utamchosha yeye na watu wake, kisha akamwonyesha namna ya kugawa kazi kwa wasaidizi wa ngazi mbalimbali (Kut. 18).

Wahubiri wengi wakifika hapo hukazia ugawaji wa kazi. Mimi naona kubwa zaidi ni kwamba Musa alisikia. Mtu ambaye kwa mkono wake bahari ilipasuka alikubali kusahihishwa na mgeni, tena mkwe, ambaye hakuwa na cheo chochote kambini na ambaye muda si mrefu alirudi kwao. Kwa hiyo, kila ninapofungua kitabu cha uongozi, nakiuliza swali moja: je, kinamwandaa msomaji wake kuambiwa kwamba amekosea? Vitabu vinavyosifiwa sana vikiulizwa hivyo, vichache vinajibu.

Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, kilichotoka mwaka 1997, ndicho ambacho kijana anayeanza biashara hukitaja kwanza. Kina jambo moja la kweli na la manufaa: kinatenganisha mali inayoingiza fedha mfukoni na mali inayozitoa. Ukiupeleka mzani huo katika boma la mfugaji wa Butiama, ukaanza kuwahesabu ng'ombe wasiotoa maziwa, wasiopelekwa mnadani, lakini wanaotaka dawa na mchungaji kila siku, utapata mazungumzo ya jioni nzima. (Wazee watakuuliza mahari utatoa mfuko upi, nao wana hoja.) Tatizo ni mahali mafundisho hayo yanaposimama. Mtoto analinganisha baba wawili, na baba anayeonekana ameshindwa maisha ni yule msomi, mtu wa elimu, aliyetegemea mshahara. Huu ni mkoa ambao mwanawe anayejulikana kuliko wote aliitwa Mwalimu mpaka kaburini. Sijui tunamfundisha nini kijana ambaye baba yake alishika chaki miaka thelathini, au alikuwa katekista, tunapompa kitabu cha kumwonea huruma baba huyo. Na kwa swali langu, kitabu hiki kimejifunga mlango chenyewe: anayempinga mwandishi amekwisha kuwekwa upande wa waoga na maskini, kwa hiyo neno lake halihesabiki.

Good to Great cha Jim Collins, cha mwaka 2001, kina hadhi zaidi. Kilichunguza kampuni 11 za Marekani zilizotoka katika hali ya kawaida zikafanya vizuri mno, na kikagundua kwamba viongozi wake wengi walikuwa watu wanyenyekevu. Mambo yakienda vizuri walitazama nje dirishani kuona nani wa kumshukuru. Yakiharibika walijitazama kwenye kioo. Mkristo akisoma hapo moyo unamfurahi. Lakini mwaka 2008 moja ya kampuni hizo, Circuit City, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na nyingine, Fannie Mae, ikawekwa chini ya uangalizi wa serikali ya Marekani. Mwaka uliofuata Collins alitoa kitabu kingine, How the Mighty Fall, kuhusu namna makampuni makubwa yanavyoanguka. Anasema anguko huanza na kiburi kinachozaliwa na mafanikio, na kwamba hufika hatua ambapo wakubwa huikana hatari ilhali dalili zake ziko mezani. Kitabu hiki ni chembamba na hakinukuliwi sana kama kile cha kwanza. Ni bora zaidi kwa meneja wa kwetu, kwa sababu kinamfundisha aone ufa ukuta ukiwa bado umesimama.

Stephen Covey, katika The 7 Habits of Highly Effective People cha mwaka 1989, anaanza vizuri kuliko wote hao. Anasimulia jinsi yeye na mkewe walivyohangaika kumrekebisha mtoto wao aliyekuwa nyuma shuleni, hadi wakagundua kwamba waliohitaji kurekebishwa ni wao, kwa namna walivyomtazama. Anafundisha pia kumwelewa mwenzako kwanza kabla ya kutaka ueleweke wewe. Hata hivyo, kwake kusikiliza ni tabia njema ya bosi. Bosi asipotaka kuwa nayo, mtunza stoo hana pa kwenda. Reginald Mengi naye, katika I Can, I Must, I Will cha mwaka 2018, anasimulia utoto wa umaskini Machame na biashara iliyoanza kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake, na anamtaja Mungu bila kusitasita. Ni kitabu cha kumpa moyo mtu aliyekata tamaa. Aliyekwisha kufanikiwa, mwenye watu ishirini chini yake, atapata humo machache.

Kijitabu ninachotaka kukitetea hakipangwi katika safu hiyo. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga upya chama cha TANU. Mwaka huohuo aliwaandikia wanachama Tujisahihishe. Ni kurasa chache, kwa Kiswahili chepesi kinachoeleweka na mtu wa darasa la saba. Hakuna neno la faida wala la soko. Hoja yake kuu ni kwamba ukweli haujui cheo: haumwogopi mkubwa, haumdharau mdogo, na anayeupuuza ataulipia. Anawakemea wanaotanguliza nafsi zao, na wanaoficha kosa kwa kuogopa kumuudhi mwenzao, wakidhani kwamba kwa kufanya hivyo wanalinda umoja.

Mtu wa ziwani haitaji kuelezwa zaidi. Nahodha wa mtumbwi wa dagaa akisema upepo wa usiku huu si mzuri, ziwa halitauliza mwenye mtumbwi amewekeza kiasi gani. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko kilichobeba jina la Mwalimu mwenyewe, MV Nyerere, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Idadi inayoruhusiwa katika chombo huwa imeandikwa. Kinachotafutwa ni mtu wa kuisema gatini na wa kumsikia aliyesema.

Hapa ndipo kijitabu kinapopungukiwa. Kinaomba watu waseme kweli, na kinawaomba wakubwa waipokee, lakini hakisemi mdogo atashika nini mkononi mkubwa akikataa. Kinategemea moyo. Jibu la upande huo lilikuwa limeonyeshwa miaka kumi kabla, na mzaliwa mwingine wa Musoma. Paul Bomani, mtoto wa mhubiri wa Kiadventista, alizaliwa huko mwaka 1925, akakulia katika kazi za ushirika Mwanza. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa na lalamiko kubwa: mizani ya wanunuzi. Mkulima alifika na mzigo aliolima mwaka mzima, na uzito ukasomwa na yule anayenunua. Vyama vya ushirika viliota hapo. Walichotaka wakulima ni mizani ya pili, inayosomwa na mtu wao. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika shirikisho lililoitwa Victoria, likawa miongoni mwa miungano mikubwa ya ushirika barani Afrika. Mithali 11 inaanza kwa kukataa mizani ya hila. Wakulima wale waliongeza kwamba haitoshi kumwomba mnunuzi aogope Mungu, apimiwe.

Ushirika nao ukaugua ugonjwa uleule. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuuchunguza, nayo ikakuta wizi, uzembe na hesabu mbovu. Mizani ya pili ilikuwa imepata wenyewe wasiopimwa. Dawa iliyokuja baadaye ilikuwa kali kuliko ugonjwa: mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na pamba ya Bunda ikawa inauzwa kwa mamlaka ya serikali. Mkulima akabaki na mnunuzi mmoja na mizani moja, kama zamani.

Aliyevivunja ni serikali ya mwandishi wa Tujisahihishe. Tena mwaka uleule wa 1962 alioandika kijitabu, Tanganyika ilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Mambo haya mawili yasomwe pamoja. Najua ni neno zito katika kitabu cha kanisa, tena hapa. Nyerere alibatizwa Nyegina mwaka 1943, amezikwa Butiama, na Jimbo Katoliki la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Leo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Wapo wanaoona kwamba kumheshimu ni kunyamazia sehemu hiyo. Kwa maoni yangu huko ni kukisoma kijitabu chake kinyumenyume. Mtu aliyeandika kwamba ukweli haujui cheo hawezi kulindwa kwa cheo, hata kikiwa cha utakatifu. Kanisa lenyewe, linapochunguza maisha ya mtu wa namna hiyo, hutaka pia kusikia yanayompinga.

Na kuna jambo linalonifanya nikiamini zaidi. Mwaka 1984, akiwa bado rais, Nyerere alihojiwa na jarida la Third World Quarterly. Alisema kwamba kama angeanza upya, yapo mambo mawili asingeyafanya: kuzivunja serikali za mitaa na kuvivunja vyama vya ushirika. Alikiri kwamba walikosa subira na walikuwa hawajui. Hakuwatupia lawama wakulima, wala mabepari, wala ukame. Kwa vitabu vyote nilivyovitaja juu, hicho ndicho kioo cha Collins kikitumika kweli, na mtu mwenye madaraka makubwa kuliko meneja yeyote.

Lakini hesabu miaka. Toka 1976 mpaka 1984 ni minane, na sheria ya kurudisha ushirika ilikuwa imepitishwa mwaka 1982. Katika miaka hiyo mkulima wa Bunda alilima, akavuna, akauza. Kujisahihisha kwa mkubwa kulikuwa kwa kweli, na kulichelewa, kwa sababu wa kumwambia mapema alikuwa hana pa kusimama.

Ndiyo maana sikubaliani na mapadre na wachungaji wanaogawa vitabu vya mafanikio katika semina za wajasiriamali kana kwamba kinachowapungukia waumini ni hamasa. Hamasa tunayo. Tazama vikundi vya kuweka na kukopa, hesabu vingapi vimeanza kwa sala na nyimbo, kisha vikafa kwa sababu mweka hazina ni mzee wa kanisa na hakuna aliyethubutu kuomba daftari. Katika mazingira yetu mkubwa hakosolewi mbele za watu, na mkwe ndiyo kabisa. Heshima hiyo ni njema. Inahitaji tu kitu cha kuishika mkono: kamati ya usimamizi yenye ufunguo wake, mkaguzi asiye ndugu wa mwenyekiti, mizani ya pili pale dagaa wanaponunuliwa.

Tujisahihishe kisisomwe na meneja peke yake usiku. Kisomwe kwa sauti kikaoni, mtunza stoo na karani wakiwepo, na meneja awe wa mwisho kusema. Kisha ijadiliwe habari ya mwaka 1976 na ya mwaka 1984, bila kuruka moja. Baada ya hapo Collins wa mwaka 2009 anaweza kufuata, na Covey kwa ajili ya nyumbani. Kiyosaki naye aletwe, kurasa zile za mali inayoingiza na mali inayotoa. Habari ya baba wawili tunaweza kuiacha.