Mtazame Asiye Steringi: Namna ya Kumpima Mwigizaji wa Nafasi Ndogo

Usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti samaki, mitumbwi hubaki ufukweni, na vyumba vya video vya Minago, hapa kwetu Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, hujaa. Filamu ikiisha, watu hutoka wakimtaja steringi kwa jina. Waliobaki wote huwa "yule mzee", "yule mpishi", "yule kapteni". Mwongozo huu ni wa hao waliobaki. Steringi ana saa nzima na zaidi ya kutushawishi, na hadithi yote inamsukuma mbele. Mwigizaji wa nafasi ndogo ana dakika tatu, na ndani ya dakika hizo lazima tuamini kwamba mtu huyu alikuwa na maisha yake kabla kamera haijamfikia. Huwezi kumpima kwa maneno aliyopewa, maana ni machache. Mpime kwa yale anayoyafanya bila hadithi kumtuma.

Anza na mikono

Hapa sisi wa ziwani hatudanganyiki kirahisi. Mvuvi wa kweli akiingia mtumbwini haangalii miguu yake. Huweka uzito katikati, goti limelegea, na mkono umeshashika ukingo. Akikunja kamba, macho yako kwingine. Mama anayeanika ndagala huzigeuza huku akiongea na jirani na kufukuza kunguru, na mazungumzo hayakatiki. Mwigizaji ambaye hakujifunza kazi utamjua papo hapo: akianza kusema mikono inasimama, na mikono ikianza kufanya kazi mdomo unanyamaza. Kwa hiyo chagua kazi unayoijua wewe, iwe kukamua mawese, kushona nyavu au kuendesha pikipiki, umpime nayo kila anayejidai kuifanya.

Ziwa letu lina filamu yake ya kujifunzia. The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston, ilitokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na riwaya hiyo ilichota kwenye mapigano ya ziwani humu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou, kwa kuzivusha nchi kavu. Desemba mwaka huo waliiteka Kingani ya Wajerumani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Graf von Götzen, iliyokuwa kubwa kuliko zote, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi Julai 1916. Baadaye iliibuliwa, ikawa Liemba inayojulikana mwambao wote huu.

Watu humkumbuka Humphrey Bogart, aliyepata Oscar kwa filamu hiyo. Wewe mtazame kapteni wa meli ya Kijerumani. Ni Peter Bull, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1912, na kabla ya filamu hiyo alikuwa ameshaongoza vyombo vya kushushia wanajeshi pwani katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwishoni wafungwa wawili wanamwomba awaoze kabla ya kunyongwa. Anawaoza, kisha anaamuru kazi ya kuwanyonga iendelee, na sauti ni ileile. Hatoi macho, hasagi meno. Mwigizaji mwingine angetaka tumwogope. Bull anatuonyesha ofisa mwenye shughuli mbili za kumaliza, naye anazimaliza kwa mpangilio. Ndiyo maana tunaogopa kweli.

Mwangalie akiwa kimya

Kipimo cha pili kinataka uache kumtazama anayesema. Mwigizaji hafifu hukodolea midomo ya mwenzake akisubiri zamu yake ifike. Mwigizaji hodari husikia neno kama mtu aliyelisikia leo kwa mara ya kwanza: jibu huanza kumjia usoni kabla halijafika mdomoni, na wakati mwingine hulimeza.

Ugumu wa jambo hili utauona kwa Bull huyohuyo, katika Dr. Strangelove ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1964. Yeye ni balozi wa Urusi, amesimama nyuma. Mbele yake Peter Sellers, kwenye kiti cha magurudumu, anapigana na mkono wake mwenyewe. Ukiacha kumtazama Sellers ukamtazama balozi, utaona kingo za mdomo zikitetemeka na kicheko kikikaribia kumshinda. Huyu ni mtu aliyekuwa ameshaigiza Pozzo katika Waiting for Godot mwaka 1955, tamthilia hiyo ilipochezwa London kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza. Kama fundi wa kiwango hicho alitikisika, basi heshimu kila sekunde ambayo mwigizaji wa pembeni anakaa kimya bila kuvunjika.

Kipimo hiki kinatufaa sana sisi tunaotazama filamu zilizotafsiriwa. Sauti ya mtafsiri inafunika sauti zote, kwa hiyo kinachobaki kwa mwigizaji ni mabega, shingo na macho. Hapo ndipo wengi huanguka na wachache hung'aa.

Lafudhi ibebe mtu

Kwa Kiswahili, shule kubwa ya lafudhi ni Mzee Ojwang'. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu wa Kenya, na kwa miaka mingi katika Vitimbi, mchezo wa vichekesho wa televisheni ya KBC, aliigiza mzee wa Kijaluo kwa namna ambayo watazamaji wengi walimdhania Mjaluo. Alifariki Julai 2015. Kuiga lafudhi kwa sentensi moja ili watu wacheke ni kazi ya mtoto yeyote mtundu. Kipimo ni lafudhi hiyo kubaki pale mhusika anapokasirika, anaponong'ona, anapokatizwa katikati ya neno. Msikilize Ojwang' akibishana na mkewe wa kwenye mchezo, Mama Kayai, yaani Mary Khavere: ugomvi unapanda, maneno yanagongana, na lafudhi haiponyoki. Halafu jiulize unacheka nini. Ukiwa unacheka kabila la mhusika, kazi ni duni. Ukiwa unamcheka mume mmoja mkaidi anayeshindwa na mkewe na hataki kukubali, kazi imefika.

Mchekeshaji Mzee Majuto wa Tanga, Amri Athumani, aliyefariki Agosti 2018, anafaa kutazamwa kwa jambo jingine: kusubiri. Wachekeshaji wengi hukimbilia neno la kuchekesha. Mpime mchekeshaji kwa ule muda mfupi kabla ya neno, uso unapoonyesha kwamba mhusika mwenyewe haoni kichekesho chochote katika jambo lake.

Jaribio la kufumba macho

Burundi ina shule yake, nayo ni redio. Mchezo wa Umubanyi Niwe Muryango, maana yake jirani ndiye familia, ulianza kurushwa mwaka 1997 kutoka Studio Ijambo, ukiandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Ulisimulia maisha ya majirani Wahutu na Watutsi wakati vita vikiendelea. Katika mchezo kama huo sauti isiyo ya kweli isingevumilika, kwa sababu msikilizaji alikuwa na jirani wa kweli nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo fumba macho hata kama unatazama filamu. Je, unajua mtu huyu ana umri gani? Amekaa au amesimama? Anasema na mtu mmoja au na umati? Sauti nzuri inakujibu yote matatu.

Nafasi ya mtumishi

Filamu za nje kuhusu Afrika huwapa wenzetu nafasi ya mpishi, dereva au mlinzi, na mara nyingi huwasimamisha pale kama samani. Hapa uwe mkali kwa mwandishi na uwe makini kwa mwigizaji. Mkenya Sidede Onyulo alipewa nafasi ya mpishi, Owuor, katika Nirgendwo in Afrika ya Caroline Link, filamu ya Kijerumani ya mwaka 2001 iliyoshinda Oscar ya filamu ya kigeni mwaka 2003. Owuor wa Onyulo ana hadhi yake. Ana jambo analolitaka katika kila chumba anachoingia, ana kazi anazoziona hazimfai, na upendo wake kwa mtoto wa familia ile hausubiri ruhusa. Uliza hivyo kwa kila mtumishi unayemwona kwenye skrini: yeye mwenyewe anataka nini? Kama mwigizaji ana jibu, utaliona kwenye mwendo wake.

Kasoro za kukataa

Kataa uzee wa mvi za unga. Uzee huanza kwenye kukaa: mzee hutafuta kiti kwa mkono kabla ya kukikalia, na hujiandaa kabla ya kuinuka. Kataa ulevi wa kuyumba tu, maana mlevi wa kweli hujitahidi kutembea sawasawa. Kataa kelele zinazoshika nafasi ya hasira. Mkatae pia anayeiba onyesho, yule ambaye mwenzake akilia yeye anachezesha nyusi ili atazamwe.

Kipimo cha mwisho

Mwondoe kichwani mwako. Lirudie onyesho lote bila yeye, na maneno yake apewe mtu mwingine yeyote. Kama hakuna kilichopungua, alikuwa amejaza nafasi tu. Kama steringi naye amepungua, akawa si jasiri au si mwenye huzuni kama ulivyodhani, basi ulikuwa unamtazama fundi.

Anza na Vitimbi, kwa kuwa lugha ni yako na hakuna tafsiri ya kukuficha kitu. Kisha tafuta The African Queen, uitazame mara mbili, ya pili kwa ajili ya kapteni peke yake. Majina yanapopita mwishoni, mwombe mwenye chumba cha video asizime. Mwaka 1959 Peter Bull aliandika kumbukumbu zake na kuzipa jina I Know the Face, but..., kwa kuwa hayo ndiyo aliyoambiwa na watu maisha yake yote: sura wanaijua, jina hawalijui. Mtazamaji anayejua ubora anayajua yote mawili.