Kifungua filamu: Jasusi hajitangazi kwa bunduki

MAJUZI nilialikwa na chama cha uigizaji cha shule moja ya upili kuukagua mpango wa filamu ambayo wanafunzi wananuia kuipeleka kwenye Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu. Ni kisa cha kijasusi cha dakika 10. Siri za afisi fulani zinavuja, na anayezivujisha ni karani ambaye kila mtu anamwamini. Kisa chenyewe kimesukwa barabara. Kilichonikwaza ni mwanzo wake.

Nazungumzia ile sehemu ambapo jina la filamu na majina ya waliotia mkono hujitokeza kwenye skrini huku muziki ukicheza. Istilahi ya kuiita bado haijatulia. Maadamu tuna kifungua kinywa na kifungua mimba, hapa nitaiita kifungua filamu. Mwenye neno bora alilete.

Vijana hao walikuwa wameuchora mpango wao kisanduku baada ya kisanduku. Kisanduku cha kwanza, bastola. Cha pili, gari jeusi usiku. Cha tatu, kivuli cha mwanamke akicheza densi. Cha nne, bastola tena, sasa inamlenga mtazamaji. Kisha jina la filamu, kwa Kiingereza, kwa herufi nyekundu zinazochuruzika damu. Muda wote, dakika mbili.

“Sasa mwalimu, bila bunduki watu watajuaje hii ni ya majasusi?” akaniuliza kiongozi wa kundi. Swali hilo si la kupuuzwa hata kidogo.

Hebu turudi kwenye fasihi simulizi. Mtambaji anaposema “Paukwa!” na hadhira ikajibu “Pakawa!”, hakuna tukio lolote ambalo limesimuliwa. Hata hivyo, jambo kubwa limefanyika. Hadhira imetolewa katika ulimwengu wake wa kawaida ikaingizwa katika ulimwengu wa ngano, na imekubali kanuni za ulimwengu huo: humu sungura atazungumza na zimwi litakula watu, na hakuna atakayelalamika. Kifungua filamu kina kazi iyo hiyo. Ni mapatano kati ya msanii na mtazamaji.

Je, mapatano ya kisa cha kijasusi ni yapi? Neno lenyewe linatuelekeza. Jasusi tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kugusa au kupapasa ili kujua. Jasusi hupapasa gizani. Ndiyo maana hawi sawa na kachero, ambaye siku hizi husoma habari zake kila asubuhi akiwa amemtia mtu pingu. Kachero huja baada ya uhalifu, na mara nyingi hutaka aonekane. Jasusi akionekana, kazi yake imekwisha. Basi mapatano yake na mtazamaji ni haya: humu, kila unachokiona kina sura mbili.

Kwa kipimo hicho, bastola ya vijana wetu inaanguka mtihani. Bastola ina sura moja tu. Ukiiona unajua ni ya kuua, na hata filamu ikiisha itabaki kuwa ya kuua.

Najua watakaoniuliza, “Na James Bond je?” Haya, tumtazame. Katika Dr. No ya mwaka 1962, Maurice Binder alitufungulia filamu kwa mtutu wa bunduki. Lakini angalia tumewekwa wapi: ndani ya mtutu. Jicho letu ni jicho la adui anayemlenga jasusi, na ghafla jasusi anageuka na kutufyatulia sisi. Isitoshe, mtu yule tuliyemdhania kuwa Sean Connery hakuwa yeye. Alikuwa Bob Simmons, mwigizaji wa matukio ya hatari. Wanafunzi waliazima bunduki ya Binder, wakaliacha wazo lake dukani.

Kuna vifungua filamu vingine vinavyotimiza mapatano haya bila risasi hata moja. Katika North by Northwest ya Alfred Hitchcock, mwaka 1959, Saul Bass alianza na mistari mitupu iliyokatana kwenye rangi ya kijani. Taratibu mistari ile inageuka kuwa madirisha ya jengo refu la New York, na ndani ya vioo tunaona magari ya barabarani. Kisha tunaona umati unaosongamana. Kisa chenyewe kinahusu mwanamume anayedhaniwa kuwa jasusi ambaye, kumbe, hayupo duniani. Yaani kabla ya mhusika kutamka neno, tumeshaambiwa kwamba katika umati huu mtu yeyote anaweza kuchukuliwa kuwa mtu mwingine.

Au tazama The Ipcress File ya mwaka 1965. Majina yanapita huku jasusi Harry Palmer akiamshwa na saa ya kengele, akitafuta miwani yake, akisaga kahawa yake mwenyewe. Basi! Ila ukimaliza kumtazama umemjua: mpweke, mwangalifu, mtu wa vitu vidogo. Je, ni shule gani haina saa, miwani na kikombe?

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa runinga. BBC ilipoigeuza riwaya ya John le Carré, Tinker Tailor Soldier Spy, kuwa tamthilia mwaka 1979, ilifungua kwa wanasesere wa mbao wa Kirusi, wale wanaokaa mmoja ndani ya mwingine. Anafunguliwa wa kwanza, anatoka wa pili, kisha wa tatu. Wa mwisho hana uso. Kisa hicho kinahusu kumsaka msaliti ndani ya idara ya ujasusi ya Uingereza. Bei yake ni wanasesere na meza.

Suala la pili ni muda. Filamu ya Bond huchukua karibu saa mbili, na kifungua filamu chake takriban dakika tatu. Vijana wetu walitenga dakika mbili katika dakika 10, yaani sehemu moja kwa tano. Huo si ufunguzi, huo ni mlango mkubwa kuliko nyumba. Niliwashauri wasizidi sekunde 40. Kila jina likae muda wa kulisoma kwa sauti mara mbili, kisha liondoke. Mwigizaji, mwelekezi, mwandishi wa mswada na mtayarishaji watangulie. Wa maleba, sauti na taa wasubiri mwisho, tena wapewe heshima yao huko.

Suala la tatu ndilo lililonikera kwa kweli. Mazungumzo ya filamu ni Kiswahili sanifu, lakini kila neno kwenye skrini ni Kiingereza. Nilipouliza kwa nini, msichana mmoja akanijibu bila kusita, “Kwa Kiswahili haitishi, mwalimu. Itakaa ni kichekesho.”

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Tumewalea watoto kwenye Vitimbi na Vioja Mahakamani, michezo ambayo naienzi, hadi wakaamini kwamba Kiswahili ni lugha ya kuchekea na Kiingereza ndicho cha kuogofya. Kwani hawajaambiwa kuhusu Willy Gamba, jasusi wa A. E. Musiba katika Kufa na Kupona na Njama? Hawajakutana na Joram Kiango wa Ben Mtobwa? Riwaya hizo za Watanzania zilisomwa chini ya madawati huku taharuki ikiwatoa watu jasho, nazo hazikuomba ruhusa ya Kiingereza. Tatizo si lugha. Tatizo ni kwamba wanafunzi walitafsiri hofu ya watu wengine badala ya kuitafuta yao.

Na walikuwa nayo! Katika ukurasa wa nyuma wa daftari lile, mtu alikuwa amechora leso na kuifuta. Nilipouliza, yule msichana alisema ni wazo lake, lakini wenzake walimwambia leso ni ya kina mama jikoni.

Jamani! Ni kitu gani cha kijasusi kuliko leso? Ina pindo, ina mji, ina jina. Mwanamke huivaa mchana kweupe, akapita sokoni mbele ya watu mia, na ujumbe ukamfikia mmoja tu aliyekusudiwa. Wengine waliona nguo. Zaidi ya hayo, leso huuzwa mbili mbili, zinazofanana. Wawili wakikutana kila mmoja na kipande chake, wametambuana bila kutamka neno.

Basi tuliketi tukaupanga upya. Kamera inaanza karibu mno na pindo, hata hujui unatazama nini. Inatambaa hadi kwenye mji, na majina yanajitokeza kati ya maua, kwa Kiswahili. Mkono unaikunja leso, unaikunjua, unaikunja tena. Hakuna muziki, ila mlio wa kitambaa na mtu anayepumua. Mwishoni tunaliona jina la leso, ambalo ndilo jina la filamu: Kikulacho Ki Nguoni Mwako. Mtazamaji ataiona methali tu. Filamu ikiisha, atakumbuka kwamba ule mkono ulikuwa wa karani.

Kiongozi wa kundi hakuridhika kabisa. Aliomba abakishiwe gari jeusi, angalau sekunde tatu. Nilimwambia aamue na mwelekezi, ambaye sasa ni yule msichana. Sikuona akiandika jibu lake, ila aliniomba methali nyingine tano za akiba.