Jembe la Mgeni

Kusafiri mbali kwa fedha kidogo ni ufundi, sawa na ushonaji au uchongaji, na mafundi wake tunao. Ni wale jamaa wanaoaga kwa mfuko wa bega na nauli ya kwenda tu. Miezi inapita, wanarudi wamenawiri, wana habari za miji mitano, na hawadaiwi na mtu. Sisi tunaojiuliza fedha walizitoa wapi hatujauliza swali lenyewe.

Bingwa wa kazi hii ni Ibn Battuta. Aliondoka Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21, akienda kuhiji Makka; aliporejea kwao Moroko ilikuwa 1349. Hakuna urithi wa baba ambao ungemweka njiani muda wote huo. Jangwani alijiunga na misafara ya mahujaji, na baharini aliufuata msimu. Kaskazi ilimleta pwani yetu mwaka 1331: akapita Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akashukia Kilwa. Kutoka Kilwa akapanda chombo cha kwenda Dhofar, Omani. Chombo cha matanga hakibishani na upepo, kwa hiyo abiria wake sharti awe mtu asiye na haraka.

Mogadishu walikuwa na utaratibu wao: mfanyabiashara alichukuliwa na mwenyeji wake wa mjini, na mwanachuoni alipelekwa kwanza kwa sultani. Ibn Battuta alikuwa msomi wa sheria, na hilo likatosha. Alipewa malazi katika nyumba ya wanafunzi wa dini, akaletewa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi na maembe. Elimu yake ndiyo iliyomlipia chakula na kitanda.

Siku hizi ukitaka kuwaona warithi wake, panda daraja la tatu la reli ya kati, ile ya zamani iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mwenye mkutano Dodoma achukue treni ya umeme, atafika mapema. Mwenye nafasi apande hii ya polepole, maana usiku wake ndani ya behewa ni usiku asioulipia gesti. Fundi utamjua kwa vitu alivyobeba: shuka, kikombe chake, dumu la maji na noti ndogondogo. Noti hizo zina sababu. Pale Saranda, kuku wanauzwa dirishani, na treni haimsubiri mtu atafutiwe chenji. Anajua pia kwamba honi ikilia bei hushuka, lakini hangoji honi ili amkamue mama mwenye sinia kichwani. Analipa bei ya haki mapema, anakula kuku wa moto, na paja moja linakwenda kwa jirani. Jirani huyo kwao ni Tabora. Kabla hawajafika, msafiri ameshajua asali nzuri inauzwa wapi, gesti ipi ina maji, na pengine ameshaambiwa, "Gesti ya nini, na nyumbani kupo?"

Jambo jingine ni kalenda. Desemba, nusu ya Dar es Salaam inataka kwenda Moshi, na tiketi inatafutwa kwa tochi. Fundi huwaachia wenye sikukuu zao. Yeye huenda Februari, au huchagua basi linalorudi wakati umati unakwenda. Mlima Kilimanjaro hauhami.

Lakini pa kulala na chakula cha bure vina mwisho, na wahenga walishautaja: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumsimanga mgeni asiyeondoka. Msafiri hodari huigeuza kuwa ratiba: jembe analiomba mwenyewe siku ya pili. Anayejua kushona ataombwa sare za watoto, na fundi simu hakosi simu mbovu za kutengeneza. Mwalimu atakuta mtoto wa darasa la saba anayehangaika na hesabu, na asiye na fani yoyote atateka maji na kumenya mihogo. Ibn Battuta alishika jembe la aina yake: alikuwa kadhi Delhi chini ya Sultani Muhammad bin Tughluq, kisha akawa kadhi visiwani Maldivi. Ndiyo maana aliweza kukaa miaka mahali ambapo watalii hukaa wiki.

Basi wewe unayesema utasafiri ukipata fedha, anza na hesabu nyingine. Hesabu una siku ngapi za kutoa, na mikono yako inajua kazi gani. Halafu tafuta shuka, badilisha noti zako ziwe ndogo, uende stesheni.