Ubongo si Akili: Maoni juu ya Istilahi za Mawasiliano ya Mtu na Mashine

Istilahi hupimwa kwa vigezo vilivyozoeleka: ufupi, ulinganifu, na kukubaliana na sarufi ya lugha. Kwa maoni yetu kipo kigezo kinachotangulia hivyo vyote, nacho ni ukweli: je, istilahi inasema lile ambalo kitu chenyewe hulifanya? Swali hili ndilo lililotuongoza katika kuuchunguza msemo unaosikika siku hizi, "kuunganisha akili ya binadamu na akili mnemba".

Mwaka 1973 Jacques Vidal, wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliandika juu ya mawasiliano ya moja kwa moja baina ya ubongo na kompyuta. Yafaa izingatiwe kwamba alitaja ubongo, wala si akili. Alitaja mawasiliano, wala si muungano. Mwaka 2004, nchini Marekani, mtu aliyepooza mikono na miguu alipandikizwa ubongoni kifaa chenye elektrodi 96. Elektrodi hizo zilipokea ishara za umeme za chembe za neva, kompyuta ikazifasiri, naye akaweza kusogeza kishale kwenye kioo cha kompyuta kwa kukusudia tu kukisogeza. Kilichopokewa ni ishara za kusudio la mwendo. Imani yake, aibu yake na busara yake hazikuunganishwa na chochote.

Kiswahili huyatenga mambo haya barabara. Ubongo ni nyama iliyomo fuvuni, na daktari aweza kuupasua. Akili hufunzwa, huongezwa kwa kupeana shauri, na wahenga waliifananisha na nywele, kwamba kila mtu ana zake. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "akili" mahali pa "ubongo" huleta madhara. Mgonjwa anayepewa hati ya ridhaa isemayo kuwa akili yake itaunganishwa na mashine aweza kuikataa tiba inayomfaa, au kukubali jambo asilolielewa. Vivyo hivyo, sheria itakayolinda "akili" peke yake yaweza kuziacha bila ulinzi ishara zilizochukuliwa ubongoni na kuhifadhiwa.

Istilahi mbili zilizopo hazitufai hapa. "Kiolesura" linafaa kwa kioo na vitufe, vitu vyenye sura ya kutazamwa. Elektrodi za ubongoni hazitazamwi na anayezitumia. "Kiunganishi" nalo limekwisha kuwa mali ya sarufi.

Tunapendekeza "kipokezi cha ishara za ubongo" kwa kifaa kinachotoa ishara ubongoni na kuzipeleka nje, na "kichocheo cha ubongo" kwa kile kinachopeleka umeme ndani, kama vile vinavyotumika kupunguza mtetemeko wa wagonjwa wa Parkinson. Majina haya ni marefu kidogo, lakini yanaonyesha upande ambao ishara inaelekea, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mgonjwa ana haki ya kulijua. Wafasiri na walimu wayajaribu katika kazi zao, nalo neno "akili" waliachie maana yake ya siku zote.