Kimo Kwanza, Kamba Baadaye

Barabara za udongo za Hirbadaw hazilihurumii gari la chini. Ni vumbi, mawe na mifereji ya mvua, huku Mlima Hanang ukikutazama kutoka mita zake 3,400 na ushei. Gari la michezo la zamani linatafuta nini huku? Swali hilo lilishajibiwa na mbio za magari za Safari. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Madereva walisifiwa vya kutosha. Mimi sifa zangu nazipeleka uvunguni.

Anayeiandaa Z kwa njia kama hizi ana kazi mbili, kuiinua na kuinyoosha, na haziruhusu kupishana. Ukiliinua gari hili, mikono ya chini inainamia ardhini, matairi yanatanuka kwa juu, na tairodi zinabadili mwelekeo wa magurudumu. Anayepima alaimenti kabla kimo hakijatulia anapima gari jingine kabisa.

Kwa hiyo fundi haanzi na spana. Anaanza na upepo wa matairi, kisha anapakia gunia la ngano kwenye kiti cha dereva, maana gari tupu halikai kama lenye mtu. Bolti za bushi anazikaza gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza likining'inia kwenye jeki, mpira unashikwa ukiwa umejipinda: gari litasimama juu kwa uongo, na mpira utachanika mapema. Wenye haraka hukosea hapohapo. Jeki ikishatoka analisukuma mbele na nyuma, analibonyeza pembe zote nne, ndipo anapima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi.

Halafu kamba, moja kila ubavu, imevutwa kwenye stendi kutoka mbele hadi nyuma. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Magurudumu ya mbele ya Z yameachana milimita 1,355, ya nyuma 1,345. Ukiiweka kamba umbali sawa kutoka vitovu vyote, umeshaipeleka mshazari. Nyuma lazima iachie milimita 5 zaidi kila upande. Akishaiweka sawa anapima kutoka kamba hadi rimu, ukingo wa mbele, kisha wa nyuma. Matairi yaelekeane kidogo kwa mbele, milimita mbili tatu tu. Anazungusha tairodi ya kulia robo, ya kushoto robo, ili usukani usihame katikati. Anapima tena.

Mashine za kisasa za mjini sizibezi. Ila zinafuata namba za kitabu, na kitabu kiliandikwa kwa kimo cha kiwandani. Isitoshe, mlalo wa matairi ya mbele ya Z hauna pa kurekebishia kama gari lilivyotoka kiwandani. Mashine itaonyesha kosa, mwendeshaji atabaki kulitazama. Kulisahihisha ni kufungua na kubadilisha vifaa.

Na springi mpya hulala kidogo baada ya safari za kwanza. Gari likirudi kutoka kwenye mawe, fundi anatandaza kamba upya, gunia kitini. Mwenye gari, aliyetaka kuondoka nalo jioni hiyo, atanuna. Anune tu.