Mbolea ya Bakteria: Jina Linalompoteza Mkulima

Kuna makala moja ambayo sisi wanafunzi wa sayansi tunapenda sana kuiandika. Udongo umechoka, anatokea bakteria rafiki, ananasa nitrojeni ya hewani, maharage yanastawi, kwisha. Mimi mwenyewe nimeshaiandika. Leo naikosoa, kwa sababu mkulima wa Ngara au Biharamulo akiifuata kama ilivyo anaweza kupoteza hela na msimu mzima.

Sayansi yenyewe haina ubaya. Mwaka 1904 Mjerumani Lorenz Hiltner aliupa jina la rizosfia ule udongo mwembamba unaozunguka mizizi. Hapo mmea unatoa sukari, na bakteria wanakusanyika kula. Baadhi yao wanalipa. Rizobia wanaingia kwenye mizizi ya mikunde, yanaota vinundu, na humo nitrojeni ya hewani inageuzwa kuwa chakula cha mmea. Wengine, kama Bacillus na Pseudomonas, hawana vinundu: wanayeyusha fosforasi iliyoshikwa na udongo, au wanatoa homoni zinazochochea mizizi kukua.

Kosa la kwanza liko kwenye neno. Tukisema "mbolea ya bakteria", mtu anawaza gunia la urea, ambalo linaweza kukaa stoo miezi na miezi. Lakini bakteria ni kiumbe hai, kama hamira. Hamira ikishakufa, hata umwage kopo zima unga hauumuki. Pakiti ikisafiri siku nzima juu ya basi kwenye jua, kinachofika dukani huenda ni unga mtupu. Na si joto tu. Mwaka 2015 Laetitia Herrmann na wenzake walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 65 za aina hii zilizokuwa sokoni. Asilimia 37 tu ndizo zilikuwa safi. Zilizobaki zilikuwa na bakteria wasiotakiwa, na nyingine hazikuwa hata na yule aliyeandikwa kwenye lebo.

Kosa la pili, tunamzungumzia bakteria kana kwamba ni mmoja. Bradyrhizobium wa soya hafai kwenye maharage. Mahindi na mgomba havioti vinundu kabisa. Halafu vilima vya Ngara vimelimwa maharage vizazi na vizazi, kwa hiyo rizobia wenyeji wamejaa. Mgeni wa kwenye pakiti anakuta nyumba ina watu tayari. Soya ni habari nyingine: shamba ambalo halijawahi kuiona, pakiti sahihi inaweza kuleta tofauti kubwa.

Kosa la tatu ndilo zito: tunasahau udongo. Mvua za vilimani zinaosha madini na kuacha tindikali. Rizobia wanaleta nitrojeni tu. Kama kinachokosekana ni fosforasi, ni sawa na kumletea fundi matofali bila saruji. Hapo chokaa, samadi, au fosfeti ya Minjingu, ambayo huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali, inatakiwa kutangulia. Na ushauri wa kilimani Ngara hauwezi kuhamishwa tu hadi kwenye ardhi ya miombo ya Biharamulo.

Mfano mzuri tunao humu humu Kagera. Frederick Baijukya, kwenye tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 2004 katika chuo kikuu cha Wageningen, Uholanzi, alichunguza mikunde inavyoweza kusaidia kilimo cha migomba kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Hakuanza na pakiti. Alianza na shamba na mabadiliko yanayolikabili.

Kwa hiyo makala yetu ingepaswa kuanza na jembe. Maharage yakianza kutoa maua, chimba mche taratibu, osha mizizi, pasua vinundu. Ndani vikiwa vyekundu au vya waridi, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, havifanyi. Ukivikuta vingi na vyekundu, wenyeji wako kazini, tunza hela yako. Vikiwa vichache, jaribu kwanza mistari michache yenye bakteria na mingine isiyo nao, bega kwa bega, kisha pima mavuno yote mawili.

Makala hiyo haitakuwa na mwisho mtamu. Lakini mkulima akiisoma, atajua aangalie nini kabla hajatoa hela mfukoni.